Maziwa Yasiyo na Mtoto

Msiba wa Dakta Benedikto ulijaza watu pale Mkomaindo, Masasi, mpaka wengine wakakaa barabarani. Alikuwa amestaafu akaja kuishi kwao mkewe, na watu walimpenda, kwa kuwa hakumrudisha mgonjwa mlangoni hata mikono yake ilipoanza kutetemeka kwa uzee. Mimi nilitoka Lupaso asubuhi, nikapewa kiti upande wa wanawake, maana mkekani sikai. Miguu yangu haikunjiki vizuri. Kabla chakula hakijapakuliwa, kijana mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisema mwalimu wake alitumia miaka mingi ya kazi kwa panya wa maabara. Walikatwa uti wa mgongo kwa ustadi, kisha damu yao ikapimwa, ili kujua homoni zinavyobadilika mwili unapopooza. Panya jike, alisema, hupotelewa na mzunguko wake wa uzazi, kisha baada ya muda mzunguko hurudi wenyewe. Akaongeza kuwa hamu ya kulichunguza hilo ilimjia marehemu akiwa daktari kijana, katika hospitali moja ya kusini. Halafu akaendelea na mengine, safari zake za nje, watoto wake, kwaya aliyoimba. Mama aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Kumbe hata panya wana siku zao?" Nikamwambia wana zao, ila si kama zetu. Ubwabwa ulipoletwa, ukinukia, nyama juu, mkono wangu ulikataa kwenda sahanini. Katika hospitali hiyo moja ya kusini nilikuwamo mimi, na kwenye kitanda kilichofuata alikuwamo Atanazia. Panya walitajwa mbele ya watu wote. Sisi hatukutajwa.

Nataka kuueleza mwaka huo kwa mdomo wangu, kwa kuwa nimechoka kuusikia ukielezwa na wengine. Ulikuwa mwaka wa kuhamishwa. Sisi wa Chilangala tuliambiwa tuondoke tulipokuwa, tukakae pamoja katika kijiji kipya. Waliokuja kutuambia walitoa sababu mbili kwa pumzi moja: Ujamaa, na vita vya ng'ambo ya Ruvuma, maana ndege za Wareno zilikuwa zikivuka na milio ya mabomu tulishaizoea kama watu wanavyozoea ngurumo. Mimi sikuchukia kijiji kipya. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya kati, nimeposwa na Saidi, karani wa chama cha ushirika, na niliambiwa huko tunakokwenda kutakuwa na bomba. Mtu aliyezaliwa juu ya uwanda wa Newala, akakulia kushuka genge na ndoo na kupanda nayo kichwani, akiambiwa bomba haulizi swali la pili. Nilichochukia, na ninachokichukia hadi leo, ni jinsi tulivyopakiwa. Lori moja lilibeba milango, mapaa ya nyumba yaliyong'olewa, kuku, magunia ya muhogo mkavu, na juu ya hayo yote watu. Mama alimwambia dereva mzigo haujafungwa. Bwana aliyesimamia uhamisho akamjibu, "Mama, sisi tuna ratiba." Kwenye kona ya mteremko lori liliegemea upande mmoja. Halikupinduka hata. Lilitikisika tu, na kinu cha nyanya yangu, kinu cha mninga ambacho watu wawili walikiinua kwa shida, kikaporomoka kutoka juu kikanipiga mgongoni. Nakumbuka nilitaka kuinuka nimkamate kuku wetu aliyekuwa akikimbilia porini, nikashangaa kwa nini siinuki.

Wodi ya wanawake ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya wavu na sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu. Kilinuka dawa ya kusafishia na kisamvu. Mimi nililazwa chali, mifuko ya mchanga ubavuni ili nisijipindue, na wauguzi walikuja kunigeuza kila baada ya muda kama anayegeuza mihogo kwenye jua. Kutoka kiunoni kwenda chini sikuwa na habari na mwili wangu. Kushoto kwangu alikuwa Atanazia. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo, mwanamke mkubwa kwangu kwa umri wa dada, aliyekuwa akiwabebea wapigania uhuru risasi na unga kichwani mpaka kipande cha bomu kilipomwingia mgongoni. Alinitangulia pale kwa miezi kadhaa. Kimakonde chake kilikuwa na maneno ya Kireno ndani yake, changu kilikuwa na Kiswahili, tukakutana katikati. Siku za mwanzo, nilipokuwa nikilia, aliniambia, "Lia, lakini kula." Mama alikuwa akija na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, ndani ya kikapu, na chumvi iliyotwangwa na pilipili kwenye kipande cha karatasi, na kila mara alimmenyea Atanazia kwanza, kwa kuwa yeye hakuwa na wa kumletea.

Siku zangu hazikuja. Mwezi wa kwanza hakuna aliyesema kitu. Wa pili, Matroni aliuliza mbele ya wodi nzima, kwa sauti ileile aliyotumia kuuliza kama nimepata choo. Huyu Matroni alikuwa mama aliyetoka mkoa mwingine, msafi mno, kofia yake imekaa wima kama sahani rafuni, na sisi watu wa kule alituona tumekulia jandoni na ngomani tu, tusio na la kufundishwa. Nilimjibu kwamba hazijaja. Akaniuliza kama nina mchumba. Nikasema ninaye. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata chenji yake sawasawa. Atanazia akasema kutoka kitandani kwake kwamba zake nazo zimesimama tangu alipoumia. Matroni akamjibu kwa upole kwamba yeye alitoka vitani, alikula majani na mizizi, mwili umekauka kwa njaa. Basi kwa yule ilikuwa njaa, na kwangu ilikuwa zinaa. Migongo miwili imevunjika, vitanda vimekaribiana, jambo moja limetupata sote wawili, na mtu aliyesomea miili ya watu akapita katikati yetu kila asubuhi asilione. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na bado damu hunipanda nikilifikiria.

Waliamua kunipima. Wakati ule, pale kwetu, mimba ilipimwa kwa chura. Bwana Mpangala wa maabara alikuwa nao kwenye debe lililofunikwa wavu, karibu na dirisha, na wagonjwa wanaotembea walituletea habari zao. Chura dume alichomwa sindano ya mkojo wa mwanamke. Kama mwanamke ana mimba, chura yule hutoa mbegu, na mbegu zikaonekana kwenye darubini. Wangu walichukua kutoka kwenye mpira wa mkojo bila kuniuliza. Chura alisema sina mimba. Bwana Mpangala alileta majibu mwenyewe, akasimama miguuni pangu na kumwambia Matroni, "Hana." Matroni akasema huenda chura ni mgonjwa. Wakarudia na mwingine. Naye akasema sina. Matroni akasema vyura wa msimu wa kiangazi hawaaminiki. Atanazia alicheka mpaka mgongo ukamuuma, na mimi nilicheka naye, kwa kuwa nilidhani yamekwisha. Niliamini nimeshinda, nikiwa na mashahidi wawili, ingawa ni vyura.

Kisha maziwa yakaja. Mama alikuwa akinifuta mwili kwa kitambaa, mchana, wauguzi wamekwenda kula. Alipofika kifuani akasimama. Akakiangalia kitambaa, akanusa, akanitazama usoni. Sikuwahi kumwona mama yangu akinitazama hivyo. "Zuhura," akasema taratibu, "hiki nini?" Nikatazama. Yalikuwa matone, meupe, membamba, yakitoka kwangu mimi ambaye sijamjua mwanamume. Nilimwapia. Nilimwapia kwa Mwenyezi Mungu na kwa kaburi la nyanya. Akasema ananiamini, lakini alinifunga kanga kwa nguvu, safu mbili, kana kwamba maziwa yatasikia na kuogopa. Tulificha kwa muda mfupi tu. Muuguzi aliyebadilisha mashuka aliona doa, akamwita Matroni, na Matroni akanikamua mbele ya macho ya wote bila kuvuta lile pazia la vitambaa. "Sasa tumeelewa," akasema. "Mimba ilikuwapo, ikatolewa, ndiyo maana chura hakuiona." Nilimwambia nilikuwa nimefungwa kwa mifuko ya mchanga kitandani wodini kwake muda wote huo, nilitoa vipi na nilitolea wapi? Akasema wasichana wa siku hizi wana mbinu.

Kwetu sisi mkubwa wa mtoto wa kike ni mjomba wake. Matroni alilijua hilo vizuri kwa mtu aliyedai kutudharau, maana hakumwita baba, alimwita Mjomba Athumani. Alikuja kwa baiskeli, amevaa kanzu na koti, akasimama karibu na kitanda bila kuketi. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba akiangalia dirisha. Walikwenda kuzungumza nyuma ya pazia, kana kwamba kitambaa huzuia sauti, na wodi nzima ikanyamaza ili isikie. Nilisikia "heshima ya ukoo." Nilisikia "kabla watu hawajajua," ilhali watu walikuwa wakisikiliza hapohapo, vijiko mkononi. Nilimsikia mama akisema, "Kaka, mtoto hawezi kukaa wala kugeuka. Alaliwe na nani hapa?" Na mjomba akamjibu, "Kabla ya lori, je?" Siku chache baadaye akaja shangazi yake Saidi, Bi Mwanahawa, amejifunga kanga mpya kama anayekwenda harusini. Alinisalimu, akauliza hali ya mgongo, akala mng'oko mmoja aliokaribishwa na mama, akanawa. Ndipo akasema kwamba familia imekaa na imeona vitu vya posa virudi. Sauti yake ilikuwa laini sana. Saidi mwenyewe hakuja. Wakati wa mavuno ya korosho nikasikia anaoa Masasi mjini.

Watu wengi wakisikia kisa hiki huuliza, na Dakta je? Dakta Benedikto alikuwa kijana kutoka kandokando ya Ziwa, mwenye aibu, mwembamba, viatu vyake vimelika upande. Alikuwa mpole. Alipotugeuza alituomba radhi. Kila siku alikuja akatuuliza mimi na Atanazia maswali: siku zimekuja? Jasho je, linatoka chini ya kiuno? Unasikia joto? Maziwa, yanatoka yenyewe au yakikamuliwa? Aliandika, akashukuru, akaenda. Mimi nilimpenda kwa hilo. Nilidhani anatafuta njia ya kunitetea. Alikuwa mtu pekee aliyeniuliza juu ya maziwa bila kukunja uso.

Asubuhi moja alikuja na mgeni, daktari mkubwa, mzungu mwenye ndevu za kijivu, wakasimama kati ya vitanda vyetu wakazungumza Kiingereza. Mimi Kiingereza nilikuwa nacho. Mwalimu wetu wa shule ya kati alitupigia makofi na kutupiga viboko mpaka kikaingia. Nililala nimefumba macho. Dakta Benedikto alimweleza mgeni kwamba hili linajulikana kwa wanyama wa maabara. Ukimkata panya uti wa mgongo, alisema, mshtuko hufika hadi kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ile inayoamrisha mambo ya uzazi. Tezi hiyo huchanganyikiwa. Homoni zinazoleta siku hupungua, na ile ya maziwa yaweza kupanda, hivyo mnyama hukauka huku na kulowa kule bila mimba yoyote. "Kisha hurudi," akasema. "Nina hawa wawili, na nadhani nao watarudi." Mgeni akauliza kama tumeelezwa. Dakta akasema hatutaelewa. Halafu akaongeza, kwa ile sauti yake ya aibu, kwamba afadhali pia tusijue, ili aone mambo yanavyokwenda yenyewe.

Sijui kama nitaweza kueleza kilichonipata. Mgongo uliponivunjika sikusikia maumivu mara moja, lakini haya niliyasikia. Alijua. Mjomba aliposimama pale akiangalia dirisha, alijua. Bi Mwanahawa alipokuwa akinawa mikono, sentensi moja ilikuwa imekaa mfukoni mwa koti jeupe, na mwenye koti alikuwa amesimama upande wa pili wa mlango, anasubiri kuona. Matroni alinikosea kwa ujinga na kiburi, na ujinga una dawa. Huyu alikuwa na elimu yote, akanitazama ninavyozama, akahesabu mapovu. Leo watu wazima wananiambia nisiwe mkali, enzi hizo ndivyo madaktari walivyofundishwa, mgonjwa haambiwi. Nami nawajibu, panya hawaambiwi kwa sababu hawana wajomba. Mimi nilikuwa naye.

Mgeni alipoondoka nikafumbua macho nikamwita. "Dakta," nikasema kwa Kiingereza kwanza, ili ajue, kisha nikahamia Kiswahili ili wodi ijue. "Hayo uliyomwambia mgeni, mwambie mama yangu."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Atanazia, jambo ambalo wauguzi walikatazwa. "Ulisikia."

"Nilisikia. Mama anakuja saa ya kuona wagonjwa. Mjomba wangu nitamwita."

"Zuhura, haya mambo ni magumu. Tezi, homoni. Mama yako atachanganyikiwa."

"Mama yangu anafuga mbuzi," nikasema. "Mwambie kama ulivyomwambia yule. Usipomwambia, nitasema mimi, na nitasema pia kwamba ulijua."

Atanazia hakuwa amefahamu Kiingereza chao, akaniuliza kwa Kimakonde kuna nini. Nikamweleza. Aligeuza uso kwa Dakta. Huyu ni mwanamke aliyetembea na risasi kichwani katika nchi yenye moto. Akamwambia, "Mimi nilidhani nimekuwa mwanamume. Kila siku nilikuwa nawaza hivyo. Na wewe unaandika tu."

Walikuja Ijumaa baada ya swala, mama na Mjomba Athumani. Dakta alileta viti. Nitamtendea haki: hakujificha nyuma ya maneno makubwa. Aliwaeleza kwamba mgongo ukivunjika, kichwa nacho hupata mshtuko, na mwili wa mwanamke husimamisha uzazi, na pengine hutoa maziwa kwa makosa, kwamba hili halina uhusiano na mwanamume, kwamba litapita. Alisema vyura walisema kweli. Mama alisikiliza hadi mwisho. "Mbuzi wangu alikoswakoswa na chui," akasema, "hakushika mimba msimu mzima. Sikumwita malaya." Mjomba alisogeza kiti chake mbele. Kisha akauliza, "Ulilijua hili lini?" Dakta akasema amelijua tangu mwanzo. "Na nilipoitwa hapa, ulikuwa wapi?" Dakta akatazama viatu vyake vilivyolika. Mjomba akavuta kikapu, akaanza kumenya ming'oko kwa kisu chake kidogo, mmoja baada ya mwingine, akinilisha kwa mkono wake kama nilipokuwa mtoto. Hakuniomba radhi kwa maneno, na kwake yeye nilikubali hivyo.

Atanazia alitangulia. Asubuhi moja aliamka akapiga kelele, wauguzi wakakimbia wakidhani ameanguka, naye alikuwa anacheka na kulia, amelishika shuka lake kama bendera. Zangu zilifuata mvua zilipoanza, siku zilezile vidole vya mguu wangu wa kulia vilipoanza kunitii. Maziwa yalikuwa yameshakauka. Matroni aliposikia alikuja mbio kwa namna yake, yaani bila kukimbia. Alifurahi, nasema kweli, na furaha yake iliniudhi kuliko ukali wake. Akasema sasa jina langu limesafika. Atampelekea habari Bi Mwanahawa yeye mwenyewe, na pale wodini atawaambia wote kwamba zimekuja.

"Usimwambie mtu," nikasema.

"Lakini ni kwa faida yako, binti."

"Damu yangu si hati ya kuonyesha watu. Isingerudi ningekuwa nimezini?"

Akainama kunyoosha shuka langu.

"Ukitaka kuwaambia, waambie ulinisingizia. Hilo ni lako, lina ruhusa."

Hakulisema siku ile. Mwezi ukapita nikijifunza kusimama kwa magongo kati ya vitanda, Atanazia akinihesabia kwa Kireno. Yeye hakusimama tena. Baadaye, nchi yao ilipopata uhuru, alivushwa mto kwenye kiti cha magurudumu, na huko alizaa mtoto wa kike, akaniletea salamu kwa wafanyabiashara wa samaki kwamba amempa jina la Zuhura. Mimi nami niliolewa, na mtu mwingine aliyenikuta na magongo yangu, nikazaa wawili. Watu walishangaa kila mara, na kila mara nilikataa kushangaa nao.

Siku ya kuruhusiwa, mjomba alikuwa ameegesha baiskeli langoni, karibu na watu waliopanga mstari wa dawa. Matroni alinisindikiza. Alibeba fungu langu la nguo mwenyewe, akatembea polepole ili niweze kwenda naye sambamba. Tulipofika karibu na lango akainama sikioni kwangu akasema kwamba alinikosea, alinisingizia jambo ambalo sikulitenda. Nilisimama, nikayakita magongo vizuri mchangani.

"Kule ndani ulisema kwa sauti," nikamwambia. "Na hapa sema kwa sauti."

Akatazama ule mstari wa watu. Wengine walimfahamu, wengine walikuwa wa Chilangala, waliokwisha kusikia kila kitu. Kofia yake ilikuwa imekaa wima vilevile. Kisha akasema, kwa ile sauti ya wodini, kwamba huyu binti alisingiziwa mimba, na aliyemsingizia ni yeye. Watu waligeuka.

"Nimesikia," nikasema, nikamkabidhi mjomba magongo, nikapandishwa kwenye baiskeli. Sikusema nimesamehe, kwa kuwa hilo hakuniomba.